Mzinga wa Rufiji Katika Meli ya Ziwani

Sisi wa Kibiti twaijua Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914, ikazama Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, na mmoja ukafika Kigoma, ukafungwa katika meli Goetzen.

Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Dar es Salaam katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikapelekwa kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Utotoni niliipanda pamoja na shangazi. Kwenye vijiji visivyo na gati mitumbwi iliisogelea ubavuni, watu na magunia ya dagaa wakipandishwa kwa kelele nyingi. Niliogopa sana.

Babu yangu, nahodha wa mashua ya boriti, hakusadiki kwamba chuma kilikaa majini karibu miaka minane kikafanya kazi tena. Nikamweleza kuwa maji ya Tanganyika hayana chumvi ya kuharakisha kutu.

Akafikiri. "Na grisi," akasema.