Somo: Safari ya kuvua samaki, toka machimbo mpaka Ziwa Edouard

Mimi ni kijana tu, lakini kazi yangu ni kufundisha, basi mnisikilize kidogo. Ninawaandikia ninyi mnaokaa upande wa Manguredjipa na vilima vya Lubero. Nawaona vijana wakiacha shimo la dhahabu kwa majuma mawili na kushuka ziwani kutafuta samaki. Wengine wanarudi na mzigo mzuri. Wengine wanarudi na homa na deni. Sababu gani? Mara nyingi si bahati. Safari yao iliharibika kabla hawajaona maji.

Neno la kwanza: tutavua maji gani? Karibu na nyumba kuna mashimo ya zamani yaliyojaa maji ya mvua, na kambare wanakaa humo. Usiwavue pahali palipooshwa dhahabu kwa zebaki, ile wachimbaji wanayoiita merkiri. Zebaki inaingia katika matope, wadudu wadogo wanaila, samaki mdogo anakula wadudu, kambare anakula samaki mdogo. Hivyo sumu inazidi kwa kila mlaji. Moto hauitoi, chumvi haiitoi, moshi hauitoi. Mama mwenye mimba akiila, mtoto anaumia ubongo tumboni. Samaki huyo ana ladha nzuri, na macho hayawezi kukuonya.

Basi twende Ziwa Edouard. Upana wake wote ni karibu kilometa 2300 za mraba, na sehemu kubwa ni ya Kongo, nyingine ya Uganda. Upande wa magharibi, chini ya milima, kina kinapita mita 100. Humo mna tilapia, kambare, kamongo na wengine. Kapitene hayumo. Yeye anakaa Ziwa Albert, na maporomoko ya mto Semliki yanamzuia kupanda mpaka kwetu. Anayekuahidi kapitene wa Edouard anataka franka zako.

Ziwa lote la upande wetu limo ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa hiyo huwezi kuweka mtumbwi pahali popote. Vituo vya uvuvi vyenye ruhusa ni vitatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Vitshumbi iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa 3 mwaka 2024. Watu wa Butembo na Beni wafikirie Kyavinyonge. Toka Butembo watu wanapita Kyondo na kuteremka mlima. Hata huko, piga simu kwanza kwa mtu unayemjua. Uliza njia ikoje juma hili. Habari ya mwezi uliopita haifai.

Ukifika, usiende majini siku ile ile. Nenda kwa wakubwa wa uvuvi, onyesha kitambulisho chako, uliza karatasi gani inatakiwa. Sisi wageni ni afadhali kuingia katika mtumbwi wa mwenyeji na kugawana mavuno, kuliko kununua nyavu zetu. Mwenyeji anajua upepo. Anajua pia mpaka wa Uganda, ambao majini hauna alama. Mwezi wa 7 mwaka 2018 askari wa majini wa nchi hizi mbili walipigana juu ya ziwa hili, na watu walikufa. Mvuvi anayevuka anaweza kukamatwa, na mtumbwi na mashine vikachukuliwa. Kila mtu avae vesti ya kuelea. Ninyi watu wa milimani hamjui kuogelea, wala mimi sijui.

Halafu nyavu. Mtu atakuuzia wavu wa matundu madogo, akisema unakamata wengi. Ni kweli, unakamata watoto. Tilapia jike anabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na vitoto vinakimbilia humo vikiogopa. Ukimuua mama wakati ule, umeua na nyumba yote. Wanazaa katika maji mafupi ya kando, penye majani, na kuvua pale kumekatazwa. Pahali pale pia viboko wanakaa mchana. Usiende.

Sasa homa. Butembo iko zaidi ya mita 1700 juu, na ziwa liko karibu mita 900. Huko chini ni joto, mbu ni wengi, na damu ya mtu wa milimani haijazoea malaria. Chukua chandarua, tena lala ndani yake. Ukirudi nyumbani na kuona homa juma la pili, mwambie muuguzi kwamba ulikuwa ziwani. Usipomwambia, huenda atafikiri ni baridi tu.

Neno la mwisho ndilo nililolijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilinunua tilapia wabichi, nikawafunga katika gunia la plastiki, nikapanda pikipiki. Mvua ikanizuia njiani usiku mzima. Asubuhi mwenye nyumba niliyolala aliniomba nitoe gunia lile nje, mbali kidogo. Franka zangu zote zilizikwa shambani kwake.

Kwa hiyo pasua samaki siku ile ile, toa matumbo na mashavu, mwoshe kwa maji safi. Kwa kilo 10 za samaki weka kilo 3 za chumvi, ukiingiza vizuri ndani ya nyama na karibu na mfupa. Ukipenda moshi, tandika samaki juu ya wavu wa chuma, moto mdogo, umgeuze mara nyingi mpaka mwili ukauke na kuwa mgumu. Mfunge katika kitunga kinachopitisha hewa, kamwe si plastiki. Kuni usikate ndani ya hifadhi, nunua makala kituoni. Lakini chumvi uinunue Butembo kabla ya kuteremka, wala usitumaini kuipata ziwani siku ambayo kila mtu anaitaka.