Maji Tohara, Maji Salama



Hapa Sherikat tunanunua maji ya boza. Pipa likijaa, hufanya kama tulivyofunzwa katika mlango wa tohara: naangalia rangi, nanusa, naonja. Sifa tatu zikiwa hazijabadilika, natawadha.

Lakini madini ya risasi yaliyoyeyuka majini hayana rangi wala harufu. Nilizindukana niliposoma habari za Thar Jath, kwenye visima vya mafuta vya Unity. Wataalamu wa Ujerumani walipima nywele za watu 96, wakatoa matokeo mwaka 2017: risasi na bariamu nyingi, na watu wa Koch, jirani na visima, walizidi wale wa Rumbek walio mbali.

Kwa nini nywele? Maji ya jana yamekwisha kupita, ila unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi na kuhifadhi kilichoingia mwilini. Na kwa nini bariamu? Risasi yaweza kutoka popote, mtuhumiwa atakana. Bariamu imo katika tope zito la kuchimbia visima vya mafuta. Mwanafunzi wa fiqhi anaijua kazi hiyo: mdai hutakiwa bayyina, dhana haitoshi.

Basi hukumu ni mbili. Maji yale ni tohara, udhu unasihi. Kuyanywa, na madhara yake yamejulikana, hakufai.

Jana nilimuuliza mwenye boza anachota wapi. Akanyoosha kidole mtoni, akataka pesa yake.