Spika za Masikioni za Hali ya Juu na Namna ya Kuzikalisha Sikioni: Maelezo kutoka Nzega

Spika za masikioni za hali ya juu, yaani zile zinazoingia ndani ya mfereji wa sikio na kuuziba badala ya kuning'inia mlangoni mwake, hutangazwa kwa wingi wa vitoa sauti vilivyofungwa ndani yake, kwa aina ya chuma cha ganda na kwa fedha iliyopakwa kwenye waya. Hata hivyo, wapenzi wa kusikiliza muziki kwa makini, wakiwemo wale wa Nzega mkoani Tabora, hutaka kwanza jambo ambalo picha ya dukani haiwezi kulionyesha, nalo ni ganda na mdomo wa spika vilivyobuniwa ili sikio lizibike sawasawa bila kuumia. Makala haya yanaeleza namna ya kuupata uzibaji huo na kuupima, kwa kuwa ukikosekana, gharama yote iliyolipwa kwa mambo mengine huwa imepotea.

Historia ya vifaa hivi inaliunga mkono dai hilo. Mead Killion, mtaalamu wa usikivu, alianzisha kampuni ya Etymotic Research katika jimbo la Illinois nchini Marekani mwaka 1983, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni vifaa vya kupimia usikivu, ambavyo havina maana visipoziba sikio kwa namna ile ile kila vinapoingizwa. Ujuzi huo ndio uliozaa spika ya muziki iitwayo ER-4 mwaka 1991, ambayo huingia ndani zaidi kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen, alilifikia jambo hilo kwa njia ya jukwaani mwaka 1995, alipomtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen spika ambazo zingemwezesha kusikia wenzake katikati ya kelele, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears, iliyojipatia jina kwa maganda yanayofuata umbo la sikio la mteja mwenyewe. Waasisi wote wawili walianza na sikio, kisha ndipo wakafika kwenye kifaa, na mpangilio huo wa fikra ndio unaokosekana katika matangazo mengi ya leo.

Sababu yenyewe ni ya kifizikia. Spika ya ukumbini hulazimika kusukuma hewa ya chumba kizima, ilhali spika ya sikioni husukuma kiasi kidogo tu cha hewa kilichobaki kati yake na kiwambo cha sikio, na msukumo huo mdogo hutosha kutoa sauti nzito mradi hewa hiyo imefungiwa. Pakiwepo mwanya, hata usioonekana kwa macho, hewa hupata nafasi ya kutoroka kila mtikisiko unapokuwa wa polepole. Na kwa kuwa sauti nzito ni mitikisiko ya polepole, mlio wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, huweza kufifia kabisa wakati mlio wa hezi 1,000 haujabadilika sana. Kina nacho kina athari yake. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa milimita 25 hivi, na sehemu inayobaki kati ya mdomo wa spika na kiwambo huvuma karibu na hezi 8,000, mahali ambapo matoazi na herufi ya "s" husikika kwa ukali. Kadiri spika inavyoingia ndani ndivyo sehemu hiyo inavyofupika, na mvumo wake hupanda juu zaidi, ambako sikio haliusumbukii sana. Kwa hiyo spika moja yaweza kuonekana nyembamba na kali kwa msikilizaji mmoja, na nene na tulivu kwa mwingine, bila kitu chochote kubadilika ndani yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali kama Nzega. Mji huu uko kwenye njia panda, ambapo barabara itokayo Singida na Igunga hukutana na ile itokayo Tabora, kisha safari huendelea kaskazini kuelekea Shinyanga, Mwanza na Kahama. Na kama ilivyokuwa katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba bidhaa kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kitu cha anasa bado hufika hapa kutoka pwani baada ya kupita katika mikono mingi. Mnunuzi hakijaribu kitu hicho kabla ya kulipa, na kukirudisha ni ghali kiasi kwamba wengi hukata tamaa. Wauzaji wanalijua hilo.

Tukio lililosababisha makala haya kuandikwa lilitokana na hali hiyo. Mwandishi aliagiza spika za bei kubwa kutoka kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, zikasafiri kwa basi kama kifurushi, zikapokelewa stendi ya Nzega, na jioni hiyo hiyo zikajaribiwa kwa rekodi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi ambazo ziliupatia mkoa huu sifa kubwa katika muziki wa dansi. Matokeo yalisikitisha: gita la besi lilisikika kana kwamba linapigwa chumba cha pili, sauti ya mwimbaji iliegemea kushoto, na matoazi yalichoma. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea swali hilo: "Bosi wangu, zichezeshe saa mia kwanza, zitafunguka zenyewe." Alipoelezwa kwamba sauti inaegemea upande mmoja, akaongeza kuwa boksi likishafunguliwa mzigo haurudi. Ushauri wa saa mia umeenea mno na unastahili kupingwa waziwazi, kwa sababu kinachobadilika katika saa hizo ni mazoea ya msikilizaji kuliko spika yenyewe, na wakati huo muda wa kudai haki ya mnunuzi unapita.

Njia sahihi ina hatua nne: kuchagua vimpira, yaani vile vikofia laini vinavyovalishwa kwenye mdomo wa spika, kuiingiza spika kwa namna inayotakiwa, kupima kwa mlio mzito, na kulinganisha masikio mawili. Hatua ya kwanza haihitaji maelezo marefu, ila msomaji akumbuke kwamba sikio la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, hivyo si kosa kuvaa kimpira cha kati upande mmoja na kikubwa upande mwingine. Watengenezaji wengi huweka jozi tatu tu ndani ya boksi, na katika boksi lililotajwa hapo juu zote zilikuwa za umbo moja, fupi na laini mno, jambo lisilosameheka kwa kifaa kinachouzwa kwa bei hiyo.

Hatua ya nne ndiyo iliyofumbua fumbo kabla ya ya pili na ya tatu, na aliyeionyesha ni fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi, ambaye mwandishi alimfuata akitaka spika zifunguliwe. Baada ya kusalimiana kwa "mwangaluka" kama ilivyo desturi ya hapa, fundi alizipokea, akazigeuza mkononi, akakataa kuzifungua. "Mzee, usizifungue hizi," alisema. "Geuza kwanza. Ya kulia weka kushoto, ya kushoto weka kulia, usikilize." Zilipogeuzwa, sauti iliendelea kuegemea kushoto. Maana yake ilikuwa dhahiri: kama hitilafu ingekuwa ndani ya spika, au kama wavu mdogo uliopo mdomoni mwake ungekuwa umezibwa na vumbi au nta ya sikio, mwegemeo ungehama pamoja na spika; lakini kwa kuwa ulibaki palepale, tatizo lilikuwa sikio la kulia, ambalo halikuzibika. Fundi akafungua kopo lake lenye vimpira alivyovitoa kwenye spika zilizokufa za wateja mbalimbali, vikaoshwa kwa maji na sabuni, na kimoja kirefu na kigumu kiasi kikapatikana ambacho kililitosha sikio hilo. Kopo hilo lilitoa huduma bora kuliko boksi la kifahari lililotoka Kariakoo.

Kimpira kinachofaa bado hakitoshi kama kinaingizwa vibaya, na hapa ndipo penye mbinu ambayo msomaji anaombwa aifuate kwa makini kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Mfereji wa sikio haujanyooka, bali umepinda, na kimpira kinachosukumwa tu kwa kidole hukwama kwenye kona ya kwanza, kikaacha mwanya upande wa juu au wa nyuma. Ili kuunyoosha, mkono wa upande wa pili hupitishwa juu ya kichwa, sehemu ya juu ya sikio hushikwa na kuvutwa taratibu kuelekea juu na nyuma, na wakati sikio likiwa limevutwa, spika huingizwa kwa kuzungushwa kidogo, kisha sikio huachiwa ili lijifunge lenyewe kuzunguka kimpira. Kimpira cha sponji hubinywa kwanza kikawa chembamba, kikaingizwa kwa njia hiyo hiyo, na kushikiliwa hapo kwa nusu dakika hadi kitakapotanuka.

Baada ya hapo huja kipimo. Programu ya simu inayotoa mlio mmoja huwekwa hezi 40 kwa sauti ndogo, kisha spika husukumwa ndani kwa kidole polepole sana. Mlio ukivimba spika inaposukumwa na kusinyaa inapoachiwa, hewa inavuja. Usipobadilika, sikio limezibika. Kipimo hurudiwa mdomo ukiwa wazi, kwa sababu taya linapofunguka mfereji hubadilika umbo, na uzibaji unaovunjika mtu anapozungumza au kuimba hautadumu safarini. Kilichobaki ni kulinganisha pande mbili, na kwa kazi hii rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970 zinafaa sana, kwa kuwa zilirekodiwa kwa mkondo mmoja unaokwenda sawa kushoto na kulia: mwimbaji lazima asikike katikati ya kichwa, na akiegemea upande, upande wa pili unavuja au umekaa kwa kina tofauti. Mwenye muziki wa kisasa anaweza kuwasha mpangilio wa sauti ya mono uliomo katika simu nyingi, akapata kipimo hicho hicho.

Spika zilezile za Kariakoo zilipokalishwa kwa utaratibu huu, gita la besi lilirudi likiwa na mwanzo na mwisho wa kila nota, gita la rithimu likatengana na la solo kiasi cha kuweza kufuatwa peke yake kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na matoazi yakatulia kwa sababu spika ya kulia sasa ilikuwa imeingia ndani zaidi. Muuzaji aliposimuliwa alidai kwamba saa mia zimefanya kazi, ingawa spika hazikuwa zimecheza hata sehemu ndogo ya saa hizo. Sifa inamstahili fundi wa stendi.

Kutokana na hayo, matakwa ya wapenzi kwa wabunifu yanaeleweka kwa urahisi. Mdomo wa spika uwe umeinama kufuata mwelekeo wa mfereji, uwe na urefu wa kutosha kuipita kona ya kwanza, na uwe na ukingo unaozuia kimpira kubaki sikioni. Ganda liwe dogo na laini pembeni, kwa kuwa ganda kubwa lililojaa vitoa sauti kumi huisukuma spika nje, likaharibu kile ambacho vitoa sauti hivyo vililetwa kukitenda. Kitoa sauti kimoja cha koili, yaani utando unaotikiswa na waya uliozungushwa karibu na sumaku, kikikaa vizuri hushinda kundi zima lililokaa vibaya. Kitundu cha kupumulia, kinachozuia utando usikunjwe na hewa wakati wa kuingiza, kiwekwe mahali ambapo ngozi haitakiziba, na wavu wa mdomoni uwe wa kubadilishwa, kwani vumbi la kiangazi la Nzega haliheshimu bei. Waya uchomoke kwa pini mbili za kawaida zenye unene wa milimita 0.78 au kwa kiungio cha MMCX, badala ya kiungio cha kampuni moja pekee, kwa maana waya ndio hukatika kwanza, na mpya lazima upatikane bila kuagiza spika nzima.

Tahadhari za jumla ni chache. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na sikio lililozibika vizuri humsaidia msikilizaji kupunguza sauti hata ndani ya basi. Lakini uzibaji huo huo huzima honi za malori na bodaboda, hivyo spika hizi zisivaliwe kabisa na mtu anayetembea kando ya barabara kuu.

Muuzaji anayejiheshimu, awe Kariakoo, Mwanza au Nzega, na aweke mezani vimpira vya maumbo na saizi mbalimbali pamoja na simu yenye mlio wa hezi 40, amruhusu mteja avute sikio lake na kupima kabla ya kulipa, na kwa mteja wa mbali akubali kupokea mzigo unaorudishwa ndani ya siku chache. Asiyekubali masharti hayo asipewe fedha, hata kama spika zake ni nzuri.