NJIA ZA KUFUNDISHA DANSI

Si kila ajuaye kucheza dansi ajua kuifundisha. Mchezaji hodari aweza kucheza vizuri sana mbele ya wanafunzi, nao wakarudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa hakuwaeleza mguu upi hutangulia, wala uzito wa mwili huhamia wapi.

Njia ya kwanza ni kufundisha kwa maelezo. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, Arthur Murray aliuza masomo ya dansi kwa posta, pamoja na michoro ya nyayo iliyoonyesha mahali pa kukanyaga. Katika Uingereza, Victor Silvester, aliyeshinda mashindano ya dunia mwaka 1922, alianza mwaka 1941 kufundisha katika redio ya BBC. Alitaja hatua polepole ili wasikilizaji waziandike. Njia hii huwafikia watu wengi, lakini mwalimu haoni kosa la mwanafunzi.

Njia ya pili ni kuiga. Mwalimu huwapa wanafunzi mgongo, hucheza, nao humfuata. Huwapa mgongo kwa sababu akiwaelekea, kuume kwake huwa kushoto kwao. Njia hii ni ya haraka. Walakini aliyezoea kuiga tu husahau mara mwalimu anapoondoka mbele yake.

Njia ya tatu ni kuhesabu. Wolzi ina mapigo matatu, basi darasa hutembea bila muziki likisema, "Moja, mbili, tatu." Katika foksitroti husema, "Pole, pole, haraka, haraka." Miguu ikisha kuzoea, ndipo muziki hupigwa.

Mwalimu mwenye busara huzichanganya njia hizi. Huonyesha kwanza, huhesabu, kisha huwapanga wawili wawili. Tena huwabadilisha wenzi mara kwa mara, ili anayeongoza ajifunze kuongoza kwa mwili wala si kwa kuvuta mkono, na anayefuata asitegemee mazoea ya mtu mmoja.

Lakini njia zote hizo hazifai kitu kama mwalimu humcheka mwanafunzi. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya wenzake, aghalabu harudi tena, hata kama alikuwa karibu kufahamu. Afadhali mwalimu akiona kosa la mmoja, asimtaje jina, bali alirudie somo kwa darasa zima. Hivyo mkosaji hujisahihisha, na heshima yake hubaki.