Mada ya 7: Upishi wa Mchuzi Mzito wa Nyama na Nyanya

Baada ya kusoma mada hii mwanafunzi aweze kueleza kwa nini nyama ngumu hulainika, kwa nini mchuzi huwa mzito bila kutiwa unga, na aweze kupanga muda wa kupika ili chakula kiive kabla jaribio la vitendo halijaisha.

Wanafunzi wengi huidharau mada hii kwa kuwa mchuzi wa nyama wameuona nyumbani tangu utotoni, na hapo ndipo wanapopoteza alama. Swali likisema “eleza sababu”, wao huandika hatua: katakata vitunguu, kaanga, tia nyanya, tia nyama. Hatua hizo hata mdogo wako anazijua. Mtahini anataka kujua kinachotokea ndani ya sufuria.

Njia rahisi ya kuishika mada nzima ni kuyafuatilia maji. Kwanza tunayafukuza, ili nyama ipate rangi na harufu. Kisha tunayaongeza, ili nyama ilainike. Mwishoni tunayafukuza tena, ili mchuzi uwe mzito. Karibu kila kosa la mchuzi huu hutokana na maji kuwapo wakati hayatakiwi, au kukosekana wakati yanatakiwa.

Kuchagua nyama

Ukifika buchani utaulizwa: steki au mchanganyiko? Steki ni bei ya juu, na mwanafunzi asiyefahamu hudhani kwamba nyama ya bei ya juu ndiyo bora kwa kila pishi. Kwa mchuzi wa kuchemka muda mrefu, sivyo. Sarara na nyama nyingine laini hutoka katika misuli ambayo mnyama haitumii sana. Zina kolajeni kidogo. Ukizichemsha saa mbili, nyuzi zake hukakamaa, hutoa maji, na mlaji hutafuna kitu kikavu mfano wa uzi.

Muundi, shingo na mbavu hutoka katika sehemu zinazofanya kazi kila siku. Zina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayofunga nyuzi za nyama pamoja. Kolajeni ikipata joto la kutosha na unyevu kwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini, ambayo ni laini na huyeyuka katika mchuzi. Mabadiliko hayo huanza kwenye nyuzi joto 70 hivi na huhitaji saa moja na nusu hadi mbili kukamilika. Ndiyo maana mchuzi wa muundi ukipoa hugandamana kama supu ya kongoro ya jana. Kwa hiyo familia yenye fedha kidogo, ikiwa na muda na moto mdogo, inaweza kupika mchuzi ulio bora kuliko ule wa steki. Hili huulizwa mara nyingi chini ya kichwa cha uchaguzi wa vyakula kwa bajeti.

Papai bichi hulainisha nyama kwa kimeng’enya kiitwacho papaini. Nusu saa inatosha. Ukizidisha, nyama huwa kama uji.

Kukaanga nyama

Hapa pana jibu moja lisilo sahihi linalorudiwa kila mwaka: “Nyama hukaangwa kwanza ili kuziba matundu yake, maji yasitoke.” Vitabu vingi vya zamani viliandika hivyo. Si kweli. Nyama iliyokaangwa hutoa maji kama ile isiyokaangwa. Sikiliza tu inavyochachatika kwenye mafuta, sauti ile ni ya maji yanayotoka.

Sababu sahihi ni ladha na rangi. Protini na sukari zilizo juu ya nyama hukutana kwenye joto kali na kutengeneza rangi ya kahawia na harufu nzuri. Huu ndio mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912. Hutokea kwa kasi joto likifika nyuzi 140 hivi. Maji kwa kawaida hayapiti nyuzi 100. Basi nyama ikiwa imelowa, au ikijazwa yote kwa pamoja hadi ikatoa maji sufuriani, inachemka badala ya kukaangika, na hubaki ya kijivu. Ifute kwanza, kisha ikaange kidogo kidogo.

Nyumbani kwetu wengi huchemsha nyama kwanza kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, kisha ndipo huiunga kwa nyanya. Je, mtahini atakukosoa? Hapana, ukieleza sababu. Njia hii hulainisha nyama kabla ya jambo lolote lingine, nawe unaweza kuiopoa, kuichuja na kuikaanga ipate rangi. Sharti ni moja: supu iliyobaki irudishwe kwenye mchuzi. Ukiimwaga umemwaga jelatini, madini na sehemu ya vitamini za kundi B zilizoyeyuka majini. Mimi binafsi hupenda kukaanga kwanza, kwa kuwa masalia yaliyoshika chini ya sufuria huyeyuka nyanya zikitiwa na kuukoleza mchuzi, lakini sijawahi kumnyima alama aliyechemsha.

Nyanya

Nyanya mbivu (tungule kwa wasomaji wa Zanzibar) ina maji takriban asilimia 94. Kilichobaki ni sukari kidogo, asidi, pektini na likopini inayoipa wekundu. Ukitia nyanya kisha papo hapo ukamimina maji ya nyama, utapata mchuzi mwepesi wenye ukali wa nyanya mbichi. Zikaange kwanza pamoja na vitunguu hadi maji yake yakauke. Utajua zimeiva mafuta yakijitenga na kuonekana pembeni. Kwa nini mafuta hujitenga? Kwa sababu maji yaliyokuwa yamechanganyika nayo yameondoka. Nyanya ya kopo ni nyanya ambayo kiwanda kimekwisha kuikausha maji kwa niaba yako. Nayo ikaangwe dakika mbili au tatu, isitiwe tu kwenye mchuzi unaochemka.

Kuhusu lishe, kupika hupunguza vitamini C. Likopini, kwa upande wake, hupatikana kwa urahisi zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta, kwa kuwa joto huvunja seli na likopini huyeyuka katika mafuta. Usiandike kwamba likopini hugeuka kuwa vitamini A. Inayogeuka ni karotini ya beta, iliyo nyingi katika karoti.

Nyanya nyingi zikipikwa kwa muda mrefu katika sufuria ya aluminiamu, asidi huila sufuria kidogo. Kupika si tatizo kubwa. Kulaza mchuzi humo hadi kesho yake ndiko kusikofaa. Uhamishie kwenye bakuli la kioo, la udongo au la plastiki ya kuhifadhia chakula.

Viazi vilivyogoma kuiva

Mwaka mmoja nilisimamia jaribio la vitendo ambapo mwanafunzi hodari kuliko wenzake wote alipika mchuzi wa nyama na viazi. Alitia viazi pamoja na nyanya nyingi, akaamini kwamba dakika ishirini zingetosha kama ilivyo kwa viazi vya kuchemsha. Muda uliisha, mchuzi ulikuwa mwekundu na wa kupendeza, na viazi vilikuwa vigumu katikati. Alilia. Hakuwa amekosea kipimo wala moto. Hakujua kwamba asidi huchelewesha kuyeyuka kwa pektini inayoshikilia seli za mboga, hivyo viazi, karoti na maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva ndani ya nyanya. Chemsha viazi nusu kuiva pembeni, au vikaange, ndipo uvitie. Swali hili halijulikani kwa wengi, na atakayelijibu ataonekana.

Mfano wa pishi na mpango wa muda

Kwa walaji sita: muundi kilo 1, nyanya mbivu kubwa 8, vitunguu maji 3, kitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nyanya ya kopo kijiko 1 cha mezani, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya mezani, maji ya moto vikombe 4, chumvi.

Kaanga nyama kwa mafungu matatu, uiweke pembeni. Katika sufuria ileile kaanga vitunguu hadi viwe vya dhahabu, kisha saumu, tangawizi na bizari kwa nusu dakika tu kwani huungua upesi. Tia nyanya ya kopo, halafu nyanya zilizokatwa au kusagwa, ukoroge kwa mwiko hadi mafuta yajitenge. Kazi hii yote ni dakika 40 hivi. Rudisha nyama, mimina maji ya moto, yakichemka punguza moto mpaka mapovu yatoke moja moja. Funika, uache saa moja na nusu. Dakika 20 za mwisho funua, ili mvuke utoke na mchuzi upungue. Chumvi ionjwe mwishoni, kwa sababu mchuzi ukipungua chumvi haipungui.

Anayesoma Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, aongeze muda: huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 tu.

Ukitumia nyama ya kusaga muda ni mfupi, lakini zingatia usalama. Katika pande la nyama, bakteria wengi hukaa juu. Ikisagwa huenea ndani kote. Ipikwe hadi isibaki na wekundu, kwenye nyuzi joto 71 au zaidi. Mchuzi uliobaki usikae nje kwa zaidi ya saa mbili.

Michuzi jamaa

Mchuzi wa Bologna, Italia, uitwao ragù, hufuata kanuni zilezile. Tarehe 17 Oktoba 1982 Accademia Italiana della Cucina iliwasilisha kanuni ya pishi hilo kwenye chemba ya biashara ya mji huo: nyama ya ng’ombe, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, kitunguu, karoti, selari, nyanya, divai na maziwa. Nyanya ni kidogo. Nyama ndiyo mwenye nyumba. Kusini mwa Somalia, kulikotawaliwa na Waitalia, mchuzi wa aina hiyo uliitwa suugo, kutokana na neno la Kiitaliano sugo. Wasomali waliondoa nguruwe na divai, wakatia bizari zao ziitwazo xawaash, na huula kwa tambi. Ukienda Eastleigh, Nairobi, utaukuta mezani.

Swali na jibu

Swali: Mpishi alinunua nusu kilo ya sarara akaichemsha katika nyanya kwa saa mbili. Nyama ikawa kavu na mchuzi mwepesi. Eleza sababu mbili na upendekeze marekebisho. (Alama 8)

Jibu: Sarara ina kolajeni kidogo, hivyo kuchemka muda mrefu kuliikausha na hakukutoa jelatini ya kuupa mchuzi uzito (alama 3). Nyanya hazikukaangwa hadi maji yakauke, wala mchuzi haukufunuliwa mwishoni ili upungue (alama 3). Angetumia muundi au shingo, au angeikaanga sarara na kuitia mwishoni (alama 2). Anayejibu “angeongeza unga” hupata alama 1 tu: unga huleta uzito lakini haujibu kwa nini nyama ilikauka.

Zoezi

1. Kwa nini nyama iliyojazwa sufuriani kwa pamoja haipati rangi ya kahawia?

2. Una saa mbili za jaribio na umepewa shingo ya ng’ombe na viazi. Andika mpango wako wa muda, ukionyesha ni lini viazi vitatiwa na kwa nini.

3. Mama amelaza mchuzi wa nyanya kwenye sufuria ya aluminiamu, juu ya meza, tangu saa mbili usiku hadi asubuhi. Taja makosa mawili na ueleze athari ya kila moja.