Pombe na Vinasaba: Majibu kwa Maswali ya Wakazi wa Upanga na Kariakoo

Kati ya Upanga na Kariakoo wanaishi na kufanya biashara watu wa asili nyingi: wa Pwani na wa mikoa ya bara, familia za asili ya Kihindi na Kiarabu zilizokaa hapa kwa vizazi, na siku hizi wafanyabiashara kutoka China. Wengi hawanywi pombe kabisa, kwa imani yao au kwa hiari yao, na uamuzi huo unastahili heshima. Maelezo haya ni kwa wanaokunywa, kwa wanaoishi nao, na kwa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini chupa ile ile haimshtui mmoja na inamlaza mwenzake.

Mbona mwenzangu akinywa glasi moja tu uso unamwaka na moyo unamwenda mbio?

Ini huvunja pombe kwa hatua mbili, na kila hatua hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Hatua ya kwanza huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu. Hatua ya pili huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, ambayo mwili huimudu bila taabu. Kimeng'enya kikuu cha hatua ya pili kinaitwa ALDH2, na wapo watu waliorithi jeni inayokifanya kiwe dhaifu. Jeni ni maelekezo ya kuujenga mwili ambayo kila mtu hupewa na baba na mama yake. Kwa watu hao hali huwa kama fuso lililojaa mzigo likishushwa Kariakoo na wabebaji wawili: mzigo unarundikana barazani. Asetaldehidi ikirundikana kwenye damu, uso na shingo hupata moto, kichwa hugonga, moyo hudunda na kichefuchefu huanza.

Hali hiyo ni ya watu gani hasa?

Hupatikana zaidi Asia ya Mashariki: China, Japani, Korea, Taiwan na Vietnam. Duniani kote inakadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 500 wanayo. Kwa watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Kihindi ni nadra sana, kwa hiyo Mtanzania anayepata dalili hizi mara nyingi ana sababu nyingine, na tutazieleza hapa chini.

Je, sisi Waafrika tuna jeni yetu inayohusu pombe?

Ipo. Kimeng'enya cha hatua ya kwanza, ADH1B, kina aina moja inayopatikana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, na aina hiyo huvunja pombe kwa kasi zaidi. Tafiti zimeonyesha kuwa wanaoirithi, kwa wastani, wako katika hatari ndogo kidogo ya kuwa tegemezi wa pombe. Hiyo ni tofauti ya wastani katika kundi kubwa la watu. Haimkingi mtu mmoja mmoja.

Tunasikia kuwa kabila fulani lina damu inayostahimili pombe. Ni kweli?

Wanaosema hivyo wanaeleza wanachokiona, lakini sababu siyo kabila. Ndani ya familia moja ndugu wawili wanaweza kurithi jeni tofauti, na mara nyingi kinachoonekana kama ustahimilivu ni mazoea ya ubongo, ukubwa wa mwili, au chakula kilichotangulia tumboni. Mwanamke, hata akiwa na uzito sawa na mwanamume, kwa kawaida hupata kiwango kikubwa zaidi cha pombe kwenye damu kwa kinywaji kile kile, kwa sababu mwili wake una maji kidogo zaidi.

Ngozi yangu ni nyeusi, haionyeshi wekundu. Nitajuaje?

Sikiliza mwili kuliko kioo: joto usoni na masikioni, macho kuwa mekundu, moyo kudunda, pua kuziba au kichefuchefu baada ya kinywaji kidogo tu. Nchini Japani madaktari hutumia maswali mawili mepesi: je, hupata wekundu usoni ukinywa glasi moja ya bia, na je, ulikuwa ukiupata katika mwaka wa kwanza au wa pili tangu uanze kunywa? Swali la pili ni muhimu, maana wapo ambao dalili zao hufifia kwa mazoea ilhali sumu inaendelea kukusanyika.

Kama si jeni, ni nini kingine?

Angalia dawa unazotumia. Metronidazo, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl, maelekezo yake yanakataza pombe wakati wa dozi na kwa siku mbili au zaidi baada ya kuimaliza, kwa kuwa wagonjwa wameripoti kutapika, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Tinidazo nayo ina katazo kama hilo. Ukinunua dawa, iwe famasi au duka la dawa muhimu, una haki ya kumuuliza mtoa dawa swali hili na kujibiwa waziwazi. Sababu nyingine ni mzio wa nafaka iliyotengenezewa kinywaji, kama shayiri au ngano, na salfaiti, kemikali za kuhifadhi mvinyo, ambazo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu.

Ipo pia dawa inayosababisha hali hii kwa makusudi. Mwaka 1948 watafiti wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliripoti kazi yao juu ya disulfiramu. Walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe kuijaribu, na walipokunywa pombe wakaugua. Disulfiramu hukizuia kimeng'enya cha hatua ya pili, na hadi leo hutumika kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe, chini ya uangalizi wa daktari. Kumwekea mtu dawa hii kwenye chakula bila yeye kujua, hata kwa nia njema ya kuokoa ndoa, kunaweza kumuua.

Nikimeza kidonge cha mzio kabla ya kunywa, dalili zitaisha?

Wekundu unaweza kupungua, lakini sumu inabaki pale pale. Tunaomba jambo hili lizingatiwe sana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1988, na asetaldehidi itokanayo na unywaji nayo imewekwa katika kundi hilo. Mtu mwenye ALDH2 dhaifu anayeendelea kunywa huongeza sana hatari ya saratani ya umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni. Anayezima dalili ili anywe zaidi anajiondolea onyo lake mwenyewe. Tena baadhi ya vidonge vya mzio, kama Piriton, huongeza usingizi vikichanganywa na pombe.

Basi ambaye hapati dalili yoyote yuko salama?

Hapana. Tanzania iko katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wake hupokelewa kila mara katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. ALDH2 dhaifu siyo sababu hapa kwetu. Watafiti wanaangalia pombe, tumbaku na hata unywaji wa chai ya moto sana, jambo lililopimwa mkoani Kilimanjaro. Mwenye kile tunachokiita kichwa kigumu pia hunywa zaidi kabla mwili haujamzuia, na hapo ndipo utegemezi huanza. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya hatari ya utegemezi hurithiwa, kwa hiyo mtu ambaye mzazi wake alitawaliwa na pombe ana sababu njema ya kujihadhari mapema. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Kahawa, maziwa, supu au kuzimua asubuhi huondoa pombe haraka?

Hakuna kati ya hivyo kinachoharakisha kazi ya ini. Kuzimua kunaongeza mzigo juu ya mzigo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi ni saa mbili hadi tatu, na nne zinaweza kukukuta asubuhi ukiwa bado na kilevi. Kwa dereva, Sheria ya Usalama Barabarani imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na kujisikia mzima si utetezi.

Na gongo? Mwenye mwili imara si anaimudu?

Gongo imekatazwa kisheria, na mtengenezaji wake hana wa kumkagua. Hatari kubwa ni methanoli, pombe ya viwandani isiyofaa kunywewa. Vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha na kuua, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku nzima. Hakuna jeni inayomkinga mtu dhidi yake. Asiyeona vizuri baada ya kunywa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa wa moyo, jeni ya ALDH2 dhaifu ina maana yoyote?

Ndiyo. ALDH2 pia husaidia nitrogliserini, dawa inayowekwa chini ya ulimi kutuliza maumivu ya kifua, kufanya kazi yake. Mgonjwa wa asili ya Asia ya Mashariki anayehudumiwa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au kliniki yoyote, amweleze daktari kama pombe humwasha uso.

Je, ninahitaji kupimwa vinasaba?

Kwa kawaida hapana. Maswali mawili tuliyoyataja yanatosha kuanzia. Ikitokea sampuli yako inatakiwa, fahamu kuwa ipo Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kwamba ridhaa yako ni msingi wa upimaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Uliza sampuli ni ya nini, nani ataona majibu, na yatatunzwa wapi.

Wenzangu kazini wananicheka nikikataa. Nifanye nini?

Sema hapana, na huna wajibu wa kutoa sababu. Anayemlazimisha mwenzake amalize glasi hajui mwili wa huyo mwenzake umebeba nini. Wanaoandaa sherehe waweke soda, juisi na maji mahali pa wazi, asiyekunywa asilazimike kuomba.

Lini tukimbilie hospitali?

Mtu akishindwa kuamshwa, akipumua polepole au kwa kukatikakatika, akipata degedege, akibanwa kifua, au akivimba midomo na koo, usisubiri alale iishe. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, usimtapishe, usimpe kahawa, na mpeleke kituo cha karibu. Kwa wakazi wa Upanga, Idara ya Magonjwa ya Dharura ya Muhimbili iko wazi usiku na mchana. Beba chupa aliyokunywa na dawa anazotumia. Anayetaka kuacha baada ya kunywa kila siku kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake, kwani kutetemeka na degedege vinaweza kufuata. Aanzie kwa daktari, ambaye anawajibika kumtunzia siri.