Jinsi ya Kuisoma Taarifa ya Mvua ya Wiki: Somo kwa Wakulima wa Kariandusi

Kila wiki Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner mjini Nairobi, hutoa taarifa ya mvua inayotazamiwa katika siku saba zijazo. Taarifa hiyo huigawa nchi katika maeneo machache, na mkulima wa Kariandusi hana budi kutafuta habari zake ndani ya eneo kubwa mno, linaloanzia nyanda za juu za magharibi na Bonde la Ziwa Victoria mpaka Bonde la Ufa la kati na la kusini. Watu wa Kisumu, wa Kericho na wa Gilgil husomewa maneno yale yale. Basi si ajabu mtu akisikia kwamba mvua itanyesha, akapanda mahindi, na wiki ikapita bila tone. Wengi hapo husema wataalamu wamedanganya. Mara nyingi hawakudanganya. Taarifa haikusomwa vema, na hasara yake ni mbegu na mbolea ya msimu mzima.

Neno la kwanza la kutazamwa ni lile linalotaja mahali. Taarifa ikisema mvua itanyesha "sehemu chache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo zima. "Sehemu kadhaa" ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na "sehemu nyingi" ni zaidi ya theluthi mbili. Kwa hiyo palipoandikwa sehemu chache, shamba lolote moja lina nafasi kubwa zaidi ya kukosa mvua kuliko ya kuipata.

Tena bonde halipati fungu sawa na milima. Upande wa magharibi umesimama mwinuko wa Mau, na upande wa mashariki milima ya Nyandarua. Hewa yenye unyevu ikipanda milima hiyo hupoa, na mvua hudondoka huko huko juu. Ikiteremka bondeni hupata joto, na mawingu hutawanyika. Ndiyo sababu Naivasha hupata karibu milimita 650 tu kwa mwaka na Nakuru karibu milimita 900, hali Kericho, ng'ambo ya Mau, hupata karibu maradufu ya Nakuru. Kariandusi imo kati ya Naivasha na Nakuru. Ni kweli kwamba haikuwa hivyo siku zote: udongo mweupe unaochimbwa hapo ni maganda ya viumbe vidogo mno vya majini, ambavyo viliishi katika ziwa lililofunika mahali hapo zamani za kale. Lakini hayo ni mambo ya maelfu na maelfu ya miaka, naye mpanzi ana siku saba.

Neno la pili ni kiasi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba. Milimita 20 zikinyesha juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 80,000, yaani mapipa 400 ya lita 200. Na juu ya paa la mabati la mita mraba 30 ni lita 600. Kinyume chake, milimita tatu au nne hulowesha vumbi tu. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, nao hukauka upesi. Mbegu iliyopandwa kwa manyunyu ya namna hiyo huota, kisha miche hunyauka kabla mvua ya kweli kufika. Mvua ya masika haihesabiwi kuwa imeanza kwa sababu ya siku moja yenye ngurumo. Wataalamu wengi hungoja milimita 20 hivi katika siku mbili au tatu, tena zisifuatwe na ukame wa siku nyingi. Kwa hiyo mwenye kutaka kupanda aitazame taarifa ya wiki hii pamoja na ile ya wiki ifuatayo, akikumbuka kwamba siku mbili tatu za kwanza huaminika kuliko za mwisho.

Neno la tatu ni saa, nalo halina maelezo marefu. Jua la asubuhi hupasha joto bonde na kingo zake, hewa hupanda, na alasiri huja ngurumo. Anayeanika mahindi asidanganywe na anga jeupe la saa nne.

Liko jambo moja ambalo ni la hatari zaidi kuliko kupoteza mbegu. Mvua ikinyesha sana ukingoni mwa bonde, maji huja tambarare hata mahali ambapo hapakunyesha. Mito ya Mereroni, Mbaruk na Kariandusi yote huteremka kuelekea Ziwa Elementaita. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na takataka chini ya tuta la reli yalipasua njia yakashukia nyumba za watu waliokuwa wamelala, na zaidi ya watu 50 wakafa. Basi taarifa inapotaja mvua kubwa, yaani zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, mkazi wa kando ya korongo asiulize kama mawingu yako juu ya paa lake. Atazame juu, mlimani, na mifugo isilale mtoni.

Mkulima anayetaka kujua jinsi taarifa inavyolingana na shamba lake aweke chombo chenye mdomo na kitako vilivyo sawa kwa upana, uwanjani, mbali na miti na nyumba. Apime kina cha maji kwa rula kila siku saa tatu asubuhi, aandike katika daftari, kisha akimwage.